Andika Tarehe Kwenye Pakiti ya Chumvi

Utakapofungua pakiti mpya ya chumvi, chukua kalamu uandike juu yake tarehe ya siku hiyo. Ikiisha, andika tarehe ya pili, kisha hesabu siku. Familia ya watu sita inayomaliza pakiti ya nusu kilo kwa wiki mbili inakula karibu gramu 6 kwa kila mtu kwa siku, na hapo hatujagusa mkate, ng'onda, chipsi za jioni wala supu ya asubuhi ya kibandani. Shirika la Afya Duniani linataka mtu mzima asizidishe gramu 5 kwa siku, yaani kijiko kimoja cha chai, kwa vyote anavyotia mdomoni kutwa nzima. Kwa nyumba ya watu sita, pakiti hiyo ya nusu kilo ingepaswa kukaa karibu mwezi, ili chumvi ya huko nje nayo ipate nafasi yake.

Nimeanza na chumvi makusudi. Tukitaja magonjwa ya moyo, fikra za wengi hukimbilia nyama nono, mayai na mishipa iliyoziba mafuta. Ni kweli, na nitafika huko. Lakini kwa watu wa huku kwetu, kinachotangulia kuuchosha moyo mara nyingi ni presha ya kupanda. Moyo unaosukuma damu kwenye mishipa iliyokaza hufanya kazi ya ziada usiku na mchana. Msuli wake hunenepa, hukakamaa, mwishowe hushindwa, na mwenyewe anaanza kuvimba miguu na kukosa pumzi akilala chali. Presha hiyohiyo huchubua kuta za mishipa ya damu, mafuta yakapata pa kujishikiza. Ikiharibu mishipa ya kichwani, ni kiharusi. Ikiharibu ya figo, ni mashine ya kusafisha damu, na gharama yake mnaijua mliouguza.

Mwaka 2004 watafiti walioongozwa na Dk. Salim Yusuf walitoa matokeo ya uchunguzi mkubwa uliofanyika katika nchi 52, Afrika ikiwemo. Waliwalinganisha watu waliopata shambulio la moyo na wenzao wasiolipata, na wakakuta kwamba mambo tisa yanaeleza zaidi ya asilimia 90 ya hatari hiyo: sigara, mafuta kwenye damu, presha, kisukari, kitambi, msongo wa mawazo, ulaji wa matunda na mboga, unywaji wa pombe, na mazoezi. Kwa Waafrika weusi waliokuwemo, uzito wa presha ulionekana kuwa mkubwa kuliko kwa wengine. Soma tena orodha hiyo. Karibu yote tisa yanaguswa na namna tunavyopika, tunavyokaa na tunavyoishi nyumbani.

Wapo watakaosema, "Presha kwetu ni ya ukoo." Ukoo una sehemu yake, na mwenye mzazi aliyeugua apime mapema zaidi. Ila kuna utafiti mmoja wa Kenya ambao ningependa kila mtu aujue. Ulichapishwa mwaka 1990 katika jarida la madaktari la Uingereza, BMJ. Watafiti waliwafuatilia vijana wa Kijaluo waliotoka vijijini magharibi mwa Kenya wakahamia Nairobi, na kuwalinganisha na wenzao waliobaki nyumbani. Damu ni moja, umri ni uleule. Ndani ya miezi michache tu ya kukaa mjini, presha za waliohama zilikuwa juu kuliko za waliobaki. Walipopima mikojo, wakakuta sodiamu, ambayo ndiyo iliyomo kwenye chumvi, imepanda ikilinganishwa na potasiamu. Uzito nao ulikuwa umeongezeka. Ukoo wao haukubadilika kwa safari ya basi. Sahani ndiyo iliyobadilika.

Potasiamu hutajwa mara chache kwenye mazungumzo yetu, na inastahili kutajwa. Ndiyo inayosaidia figo kuitoa sodiamu nje na kuilegeza mishipa. Tunaipata kwenye ndizi mbivu na za kupika, viazi vitamu, maharage, kunde, mchicha, matembele, parachichi, machungwa na maji ya dafu. Ni vyakula vya shamba. Mtu akihamia mjini hupunguza hivyo na kuongeza mkate, chapati, maandazi na chipsi, kwa hiyo anapata hasara mara mbili: chumvi inapanda, na cha kuitoa kinapungua. Kwa hiyo ushauri wa kula mboga na matunda una maana kubwa kuliko ule wa "kuongeza damu" tuliouzoea. Fungu la mchicha na ndizi mbili kwa siku ni kinga ya moyo, tena ya bei nafuu kuliko vingi vinavyouzwa kwa jina la virutubisho. Mwenye ugonjwa wa figo, au anayetumia dawa za presha za aina fulani, amuulize daktari kwanza, maana kwake potasiamu nyingi inaweza kuleta madhara.

Sasa tuingie jikoni, tuitazame sufuria ya maharage ya siku ya Jumapili. Asubuhi maharage yanabandikwa, na ili yaive upesi na mkaa usiishe, inatiwa magadi kidogo. Magadi ni sodiamu hiyohiyo kwa sura nyingine, ingawa ulimi hauisikii kama chumvi. Yakianza kulainika, mpishi anatia chumvi. Baadaye vitunguu na nyanya vinakaangwa, na hapo inatiwa chumvi tena ili nyanya zilainike haraka. Kisha kinavunjwa kidonge cha kukolezea mchuzi, ambacho sehemu kubwa yake ni chumvi. Mezani kuna kachumbari, nayo imetiwa chumvi. Na baba, kabla hajaonja, anavuta kikopo cha chumvi karibu yake. Hakuna aliyetia chumvi nyingi. Imeingia kidogokidogo kwa milango sita, na kila aliyetia alidhani ni yeye tu.

Dawa yake ni kuipa chumvi mlango mmoja. Maharage yalowekwe usiku kucha, maji yale yamwagwe, yapikwe kwa maji mapya. Yataiva bila magadi, na tumbo nalo litatulia. Chumvi itiwe mara moja, mwishoni, kwa kijiko cha chai kinachojulikana, na mtu mmoja. Mwishoni ina faida yake: ulimi huisikia vizuri zaidi kuliko ile iliyozama ndani tangu asubuhi. Kidonge cha mchuzi kiachwe dukani. Badala yake kuna ndimu, tangawizi, kitunguu saumu, pilipili mbuzi, giligilani, bizari, ukwaju, karanga za kusaga. Upishi wa pwani ulikuwa na ladha hata kabla vidonge hivyo havijafika, na bibi zetu wangewashangaa wanaosema mchuzi hauwezi kukolea bila hivyo. Kikopo cha mezani kirudishwe kabatini.

Usifanye yote kwa siku moja. Ukipunguza chumvi nusu Jumatatu, Jumanne utasikia malalamiko, na Jumatano utairudisha. Punguza robo kijiko kila wiki, bila kutangaza. Ulimi huzoea ndani ya wiki chache, na baada ya hapo chakula cha mgahawani ndicho kitakachoonekana kikali. Chumvi unayobaki nayo iwe yenye madini joto, kwa sababu madini hayo hukinga tezi la shingo.

Ipo pia chumvi ambayo sehemu yake imebadilishwa kuwa potasiamu. Nchini China iliwahi kujaribiwa katika vijiji 600, kwa watu karibu 21,000 ambao wengi wao walikuwa wameshapata kiharusi. Matokeo yalitoka mwaka 2021: waliotumia chumvi hiyo walipata kiharusi pungufu kwa asilimia 14 kuliko waliotumia ya kawaida. Ukiiona kwenye maduka makubwa, inafaa, isipokuwa kwa mwenye matatizo ya figo au anayetumia dawa za presha za aina fulani. Huyo amwonyeshe daktari pakiti kabla ya kuinunua.

Kwenye mafuta, nitakuwa mkweli kwa ndugu zangu wa pwani. Zaidi ya asilimia 80 ya mafuta ya nazi ni yale mazito yanayopandisha mafuta mabaya kwenye damu. Mawese ni karibu nusu. Alizeti ni kama sehemu moja kwa kumi. Simwambii mtu wa Tanga au Lamu aache nazi; wali wa nazi ni chakula chetu cha heshima, na nyumba isiyo na furaha mezani haina afya. Ninachosema ni kwamba wali wa nazi, maharage ya nazi na samaki wa kupaka visikutane kwenye sahani moja kila siku. Kama wali una nazi, mboga ichemshwe au ikaangwe kwa alizeti kidogo. Maharage ya siku za kazi yanatosheka na tui jepesi, lile la mkamuo wa pili, na tui zito lingoje wageni.

Kinachonitia hofu zaidi kuliko nazi ni mafuta ya mgando na karai la chipsi. Baadhi ya mafuta ya mgando hutengenezwa kwa kuyageuza kiwandani mafuta ya maji yawe magumu, na humo ndimo yanamozaliwa mafuta ambayo mwili hauna kazi nayo hata kidogo. Yanapandisha yale mabaya na kushusha yale mazuri kwa wakati mmoja. Tangu mwaka 2018 Shirika la Afya Duniani linazitaka nchi zote ziyaondoe kabisa kwenye vyakula. Ukinunua mafuta, majarini au biskuti, soma maandishi madogo. Ukiona imeandikwa kwamba mafuta yamegandishwa kwa haidrojeni, rudisha.

Na unaposimama mbele ya kibanda cha chipsi, angalia karai kabla hujaagiza. Mafuta mapya ni ya njano angavu, na chipsi zikizama hutoa mapovu makubwa yanayopasuka upesi. Mafuta yaliyokaangiwa siku nyingi ni ya kahawia kama chai ya rangi, ni mazito, mapovu yake ni madogo na hayatulii, na moshi wake unawasha macho. Hayo yamechomwa yakaharibika. Kisha juu ya chipsi inanyunyizwa chumvi, inamiminwa tomato na pilipili ya chupa, vyote vyenye chumvi, na soda ya baridi pembeni. Chupa ya mililita 350 ina sukari ya karibu vijiko tisa vya chai. Chipsi mayai mara moja kwa mwezi haimuui mtu mzima mwenye afya. Kwa vijana wengi wa Dar es Salaam na Mombasa, hicho ndicho chakula cha jioni cha kila siku, na wanaoupa mzigo huo ni moyo wa miaka 20 utakaotakiwa kufanya kazi kwa miaka 50 zaidi.

Hapa ndipo mtu huuliza: mbona Wamasai wanakula nyama na maziwa na hawafi kwa moyo? Swali ni zuri, na lilishamfikisha Tanganyika daktari mmoja Mmarekani, George Mann wa Chuo Kikuu cha Vanderbilt. Mwaka 1964 aliandika kwamba Wamasai aliowapima walikuwa na mafuta kidogo kwenye damu na dalili chache mno za ugonjwa wa moyo, pamoja na maziwa yote waliyokunywa. Watu wengi huishia hapo wanaposimulia. Lakini Mann aliendelea. Mwaka 1972 alichapisha matokeo ya kuchunguza mioyo ya wanaume 50 wa Kimasai waliofariki, na humo alikuta mafuta yamejipanga kwenye mishipa yao kama ya wazee wa Kimarekani. Tofauti ilikuwa moja: mishipa yenyewe ilikuwa imepanuka, kipenyo kimekua kuliko mafuta yaliyojijenga, damu ikaendelea kupita. Yeye aliona sababu ni miguu, yaani maisha ya kutembea na mifugo kutwa nzima tangu utotoni.

Wahadzabe wa kando ya Ziwa Eyasi nao wanatufundisha jambo hilohilo. Watafiti waliowafunga vifaa vya kupima mapigo ya moyo waliandika mwaka 2017 kwamba watu wazima wao wanafanya zaidi ya saa mbili kwa siku za shughuli ya kutoa jasho au kukaribia hapo, na presha na mafuta ya damu yao ni mazuri hata uzeeni. Kwa hiyo anayetaka kula nyama kama Mmasai ajiulize anatembea kama nani.

Mfano wa mjini upo vilevile, na utamgusa kila anayepanda daladala. Mwaka 1953 Dk. Jerry Morris alichapisha uchunguzi wake juu ya wafanyakazi wa mabasi ya ghorofa ya London. Dereva na kondakta walifanya kazi katika basi moja, kwa kampuni moja, na kipato chao hakikutofautiana sana. Dereva alikaa siku nzima. Kondakta alipanda na kushuka ngazi kukusanya nauli. Makondakta walipata ugonjwa wa mishipa ya moyo kwa kiwango cha chini kuliko madereva, na walioupata waliupata wakiwa na umri mkubwa zaidi. Ngazi tu, hakuna gym wala raba za bei kali.

Bodaboda zimeturahisishia mengi, lakini zimetunyang'anya zile dakika 15 za kutoka nyumbani hadi kituoni, asubuhi na jioni. Zirudishe. Dakika 30 za kutembea kwa mwendo wa mtu anayewahi, siku 5 kwa wiki, zinakufikisha kwenye dakika 150 zinazoshauriwa. Kulima kunahesabika, kufua kwa mikono kunahesabika, kucheza ngoma kunahesabika. Mama anayeuza dukani kutwa nzima amekaa kwenye kigoda asijidanganye kwamba kuchoka kwake ni mazoezi. Uchovu na mazoezi ni vitu viwili.

Nikifika kwenye kitambi najua nagusa heshima za watu. Kwetu tumbo limekuwa ushahidi kwamba mambo yamenyooka, na aliyepungua huulizwa kama anaumwa. Chukua utepe wa fundi cherehani, pitisha kiunoni usawa wa kitovu, pumua nje, soma. Mwanamume akizidi sentimita 94 na mwanamke sentimita 80, hatari imeanza, hata kama mikono na miguu ni myembamba. Mafuta ya tumboni yamezunguka ini na utumbo na yanavuruga sukari, presha na mafuta ya damu kwa pamoja. Mlima wa ugali au wali unaomezwa kwa mboga kidogo ni chanzo kimojawapo; geuza, mboga na kunde zichukue nusu ya sahani. Dona, mtama na ulezi hushibisha zaidi ya sembe.

Sigara sitaizungumza sana kwa kuwa hakuna anayeitetea: acha, na ndani ya mwaka mmoja hatari ya ugonjwa wa moyo inapungua hadi karibu nusu ya ile ya anayeendelea kuvuta. Shisha si ahueni. Moshi kupita kwenye maji hauondoi sumu. Moshi ninaotaka kuutaja ni wa kuni na mkaa. Akina mama wengi hawajawahi kushika sigara, ila wamevuta moshi wa jiko tangu wakiwa wasichana, na moshi huo nao huharibu mishipa ya moyo na ya ubongo. Pika nje au penye dirisha, na gesi ikiwezekana, hata kama mtungi unatosha nusu mwezi tu.

Baada ya yote haya, pima. Karibu nusu ya watu wazima wenye presha duniani hawajui kuwa wanayo, kwa kuwa haiumi. Usisubiri kichwa kigonge. Ukienda kupima, usiwe umevuta sigara wala kunywa kahawa nusu saa kabla, nenda haja ndogo kwanza, kaa kimya dakika 5, mgongo umeegemea, miguu chini bila kukunja nne, mkono juu ya meza usawa wa moyo. Usiongee na simu mashine ikibana. Namba ya juu ikifika 140 au ya chini ikafika 90, na ikarudia hivyo siku nyingine, hiyo ni presha na inahitaji daktari.

Ukiandikiwa dawa, jambo gumu linaanza hapo. Watu wengi humeza mwezi mmoja, wakapima, wakakuta 125 kwa 80, wakaacha wakisema wamepona. Ile 125 ni kazi ya dawa. Ukiacha, presha inarudi, na mara nyingi inarudi usijue. Kitunguu saumu, ubuyu na mlonge ni vyakula vizuri, viliwe. Visikae mahali pa kidonge. Kama dawa inakuvimbisha miguu au inakukohoza, mwambie daktari akubadilishie, zipo aina nyingi.

Na kuna neno moja linalopoteza watu wetu: "Ni gesi tu." Mtu wa miaka 50 anabanwa kifua katikati, kama amewekewa jiwe, maumivu yanakwenda mkono wa kushoto, taya au mgongoni, jasho la baridi linamtoka, anapumua kwa shida. Anapewa maziwa, anapewa dawa ya vidonda vya tumbo, anaambiwa alale. Kwa wanawake na wenye kisukari maumivu yenyewe huweza kuwa madogo, wakabaki na kichefuchefu, uchovu wa ghafla na kukosa pumzi. Tunayo Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete pale Muhimbili tangu mwaka 2015, na hospitali za rufaa zipo, lakini msuli wa moyo uliokosa damu huanza kufa ndani ya saa moja. Dalili hizo zikidumu zaidi ya dakika chache, mgonjwa asiambiwe alale, asiachwe aende mwenyewe, asipandishwe bodaboda peke yake. Tafuteni gari hapohapo, mpelekeni hospitali ya karibu yenye kipimo cha umeme wa moyo, na mkifika getini semeni "kifua kinambana" kabla ya kusema jambo lingine lolote. Ikigundulika ilikuwa gesi kweli, mtarudi naye nyumbani.